Jina Lililogeuzwa Mara Mbili

Masizi yakichanganywa na mafuta ya simsimu yaliyochemshwa mpaka yakawa mazito hutoa harufu ambayo sijaikuta mahali pengine popote, na mimi nimetembea. Vyote viwili vimetoka jikoni, lakini hutamani kula ukiisikia. Ni harufu ya kuungua na ya utamu kwa pamoja, na inapoingia kwenye nguo haitoki kwa dua wala kwa sabuni. Utotoni mwangu ilikaa katika chumba kimoja tu cha mtaa wa Mkomani, chumba cha ndani kabisa cha nyumba ya Bi Zainabu. Mama alikuwa akinijua nimetoka wapi kabla sijavuka kizingiti. "Umetoka kwa somo yako," angesema, nami sikuwa na la kujitetea, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vyeusi mpaka kwenye kucha, na siku nyingine hata ncha ya pua. Alinisugua kwa ndimu, akanisugua kwa jivu, akanisugua kwa maneno. Wapi! Nilikwenda skuli na chuo cha Kurani na vidole vyeusi mwaka mzima, na nilivionea fahari kuliko hina ya sikukuu.

Somo kwetu ni mtu mliyechangia jina. Mimi niliitwa Zainabu kwa ajili yake, kwa sababu alikuwa rafiki wa marehemu bibi yangu, na nyumba yake ilipakana na yetu ukuta kwa ukuta. Hivyo basi sikuwahi kumwita shangazi wala nyanya. Nilimwita somo, naye akaniita somo, mwanamke wa miaka sitini na kitu na kijitu cha miaka kumi, tukiitana kama watu wa rika moja. Alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana na mdomo usiolala. Alipenda kahawa chungu, halua, na kusikia habari za watu, kwa mpangilio huo huo. Mumewe, Bwana Omari, alikuwa fundi wa milango, na alipofariki mimi nilikuwa bado nanyonya. Mji mzima ulimkumbuka Bwana Omari kwa milango yake, jambo ambalo ni haki yake. Lakini ulimkumbuka pia kwa picha za chapa za ubao, zile zilizochongwa kwenye mbao, zikapakwa wino na kugandamizwa kwenye karatasi, ambazo wageni walikuwa wakizinunua na kwenda nazo makwao. Hapo mji ulikosea, tena ulikosea vibaya. Bwana Omari hakuwahi kuchonga hata punda mmoja. Picha zote zilitoka mikononi mwa mkewe.

Ilianza na kofia. Mwanamke anayeshona kofia za vito, zile za matundu madogo ya kutariziwa, anahitaji nakshi zichapwe kwenye kitambaa kwanza, ndipo sindano ijue pa kupita, na Bi Zainabu alikuwa akichonga chapa hizo tangu yu mwali, kwa vipande vya mbambakofi vilivyobaki kwenye milango. Siku moja, kwa kuchoka na maua na nyota, akachonga paka wa jirani akiiba samaki. Akapaka wino, akaweka karatasi juu, akaisugua kwa mgongo wa upawa, na paka akatokea. Bwana Omari alicheka akaenda kumwonyesha mgeni aliyekuja kuagiza mlango, na mgeni akamtaka paka kabla ya mlango. Mgeni alipouliza ni kazi ya nani, Bwana Omari akajibu ni yake. Alirudi nyumbani akamwambia mkewe ukweli kwamba amesema hivyo, kwa sababu kueleza kungekuwa kurefu na mgeni asingeamini. "Hakuwa mtu mbaya," somo yangu aliniambia. "Alikuwa mvivu wa kueleza." Uvivu huo ulidumu miaka thelathini. Bwana Omari alipokufa, wateja wa picha wakaacha kuja, maana fundi wao amekufa, na mbao zile zikageuzwa kuwa vifuniko vya mitungi ya maji. Ukienda kunywa maji kwa Bi Zainabu ulilazimika kwanza kumwondoa punda, au harusi nzima.

Mwaka ninaousimulia ndio mwaka niliofunguliwa mlango wa chumba cha ndani. Sikumbuki niliombaje, nadhani nilimchosha tu. Alinipa kipande cha ubao, patasi ndogo yenye mpini uliolainika kwa jasho lake, na onyo kwamba nikijikata nisilie, kwa sababu damu inaharibu ubao na kelele zinaharibu kahawa. Nilikaa kwenye mkeka karibu na dirisha dogo lenye mwanga wa uani, nikachora punda kwa mkaa na chini yake jina langu kwa herufi za skuli, nikachonga siku tatu mpaka viganja vikatoa malengelenge. Kisha tukapaka wino kwa kifurushi cha kitambaa kilichojazwa sufi, tukalaza karatasi, tukasugua kwa upawa. Nikaibandua mwenyewe. Punda alikuwa amegeukia upande mwingine, na jina langu lilikuwa limekwenda kinyumenyume, herufi zimepinduka, mgongo mbele. Somo yangu hakujua kusoma herufi hizo, alisoma za Kiarabu tu, lakini uso wangu aliusoma vizuri. Alicheka akashika mbavu, akaita jina la Mungu, akacheka tena. "Kwenye ubao kila kitu hugeuka, somo," akanambia alipopata pumzi. "Ukitaka kisomeke, kichonge kinyume." Nililishika neno hilo kama nilivyoshika nguzo za dini. Na ndilo lililotuponza.

Sasa nimlete Mwalimu Kilonzo, maana bila yeye hakuna kisa. Alikuwa mwalimu mkuu wetu mpya, Mkamba mrefu mwenye shati lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe. Alikuja na nia njema na kalamu nyekundu. Wiki ya kwanza alitupa insha ya "Safari Yangu", na darasa zima tukaandika habari za ndia tulizopita na nti tulizoziona, kwa kuwa ndivyo tunavyosema Amu, mnapopaita Lamu, tangu tunazaliwa. Zilirudi zimevuja damu. Kila ndia ilikuwa imekatwa ikawa njia, kila nti imekuwa nchi, na mimi niliyezoea kuwa wa kwanza nikapata alama ambazo sizitaji hata leo. Nilipomsomea mama, akajitupia buibui lake akaenda kukusanya wenzake, na kesho yake wanawake saba walisimama kwenye lango la skuli wakimuuliza mwalimu, kwa adabu ya kutisha, ni nani aliyekuja kuwafundisha watu wa Amu Kiswahili. Hakuna aliyepandisha sauti. Walimuuliza tu, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alimaliza kwa "Bwana Mwalimu". Masikini wa Mungu, alitoka jasho shati likalala. Aliomba radhi, akasema watoto wataendelea kufundishwa Kiswahili cha mtihani lakini cha nyumbani hatakigusa tena. Alitimiza. Kuanzia siku ile, chochote cha Amu asichokielewa alikiacha kilivyo, akaamini kina sababu zake.

Muhula wa pili, alipokuwa akikagua madaftari, alisimama kwenye dawati langu akalichukua daftari langu la hesabu. Hakulifungua. Alilitazama jalada. Nilikuwa nimelifunika kwa karatasi moja kuukuu ya somo yangu, picha ya wanawake wawili wakipishana uchochoroni na punda aliyebeba mawe, wote watatu wamekwama, na punda pekee ndiye asiyejali. "Nani alichonga hii?" akauliza. Baba yake na babu yake walikuwa wachongaji huko kwao, nilikuja kujua baadaye, na alijua alichokuwa akikitazama. Nikajibu, "Somo yangu, Bi Zainabu." Darasa zima likaangua kicheko. "Mwongo huyo, Mwalimu! Ni ya marehemu Bwana Omari!" Nilisimama nikawaambia wao ndio waongo, tena wajinga, na baba zao wajinga, na nikaadhibiwa kwa kuwataja baba. Lakini jioni ile Mwalimu Kilonzo alikuja Mkomani.

Mazungumzo yao nayakumbuka neno kwa neno kwa sababu yote yalipitia kwangu. Mwalimu alikaa kwenye daka, kibarazani mwa mlango wa nje, akanywa kahawa aliyoletewa. Somo yangu alikaa ndani nyuma ya pazia, kama ilivyostahili kwa mwanamke wa mji na mwanamume asiye wake. Sauti walisikilizana vizuri kabisa, lakini kila mmoja aliona ni adabu kuzungumza nami badala ya mwenzake. "Muulize Bi Zainabu kama ni kweli anachonga yeye." "Mwambie Bwana Mwalimu, kama haamini alete kidole nikichonge." Nikatafsiri kwamba ndiyo, ni yeye. Mwalimu akasema darasa la nane wanamaliza mwisho wa mwaka, na angependa kila mmoja apewe picha ya ukumbusho siku ya wazazi, karatasi moja kwa kila mwanafunzi, na karatasi ataagiza Mombasa. Kisha Mwalimu akaongeza jambo moja, akasahau na adabu, akaliambia pazia lenyewe: "Na Bi, tafadhali, chini aweke jina lake."

Aliondoka, na nilipoingia ndani nilimkuta somo yangu ameketi huku mikono imelala mapajani, kahawa yake imepoa bila kuguswa. Niliogopa, nikidhani amekasirika. "Nimechonga maisha yangu yote," akasema, "na hakuna hata ubao mmoja ulionitaja." Akafuta macho kwa ncha ya leso, haraka haraka, kama anayetoa kidudu. Aliniambia kwamba mara moja tu, bado bibi harusi wa juzi, aliandika jina lake nyuma ya picha kwa herufi za Kiarabu, na Bwana Omari akamwomba alifute, mgeni asije akauliza. Sasa wote waliojua walikuwa wamekufa, na waliobaki walimsifia mumewe mbele ya uso wake kwa punda wake mwenyewe. Alitaka jina lake lisomwe angalau siku moja kabla hajafa. Alilisema hivyo hivyo, bila kuzungusha, na mimi nikaapa moyoni kwamba litasomwa. Nikamuuliza kwa nini asiandike kwa Kiarabu, akasema hapana. Karatasi zitavuka mpaka Mokowe kule bara na zaidi ya Mokowe, zitasomwa na kina Mwalimu, na wao ndio hasa wasioamini. "Na kwa herufi zote mbili?" nikauliza. "Ee, ili waseme najigamba," akajibu, akacheka, akanywa kahawa yake baridi. "Niandikie wewe, somo. Herufi zenu za skuli mimi sizijui."

Wiki tatu zilizofuata ndizo nzuri kuliko zote nilizopata kuishi, na nimezaa watoto wanne na kuozesha wawili. Alichonga msichana wa skuli na punda wamekutana uso kwa uso kwenye ndia nyembamba, na hakuna anayetaka kumpisha mwenzake. Msichana alikuwa mimi, alikataa kukiri lakini nilikuwa mimi, hata kovu la goti aliliweka. Punda alimpa macho ya mwenye duka mmoja wa mtaa wa pili ambaye walikuwa hawasemezani. Tulicheka hadi mama akagonga ukuta kutoka upande wetu akiuliza kuna nini, kisha akaja mwenyewe kutazama akakaa mpaka adhuhuri. Majirani wakaanza kuingia mmoja mmoja na kisingizio cha kuazima mbuzi ya kukunia nazi. Vumbi la mbambakofi lilitujaa kwenye nyusi, na wote tulipiga chafya kwa zamu, na kila chafya ilipata dua yake. Mimi nilipewa kazi ya mawingu, kazi ya kutoa mbao nyingi bila hatari, na mpaka leo nikiona mawingu naona patasi.

Ikaja siku ya jina. Nilikuwa nimejiandaa. Niliandika ZAINABU kwa herufi kubwa, kwa rula, kisha nikaishikiza karatasi kwenye dirisha kwa nyuma na kulifuatisha kwenye karatasi ya pili, ili nipate jina lililogeuka, kwa sababu kwenye ubao kila kitu hugeuka na mimi si wa kukosea mara ya pili. Ile ya kwanza nikaichana. Nikampa somo yangu ile iliyopinduliwa, nikiwa nimejaa fahari hata sikueleza, nikakimbilia chuoni maana nilikuwa nimechelewa. Nisichokijua ni hiki. Picha alikuwa akizichora moja kwa moja juu ya ubao, na hilo ndilo nililoliona siku zote. Maandishi alikuwa na njia nyingine, na tangu Bwana Omari afariki hakuna aliyemwagiza maandishi, kwa hiyo sikuwahi kuiona. Yakiandikwa kwenye karatasi nyembamba, aliipaka uji wa ngano, akaibandika kifudifudi juu ya ubao, kisha akachonga akifuata wino ulioonekana kwa mgongo wa karatasi. Karatasi ikilazwa kifudifudi hujigeuza yenyewe. Mimi nililigeuza jina kwa uangalifu, naye akaligeuza tena kwa uangalifu, na likarudi lilikotoka.

Siku ya pili alinionyesha ubao uliokamilika. Nikaliangalia jina, nikalisoma pale pale, moja kwa moja, Za-i-na-bu, na nikaruka kwa furaha. Ningekuwa na akili ya kuku ningejua kwamba ubao unaosomeka ni ubao ulioharibika. Lakini nilifurahi mno hata kufikiri, nikambusu mikono. Kesho yake nikaamka na tetekuwanga mwili mzima, mama akanifungia chumbani wiki mbili, na somo yangu akazichapa karatasi zote peke yake, akazitundika kwenye kamba zikauke siku nne, akazifunga kwenye leso mpya. Hakujua kusoma alichokichapa. Mama naye alisoma chuoni tu, herufi za Kiarabu, akazipeleka skuli bila kuona ila punda. Mwalimu Kilonzo alizifungua, akaziona zile herufi ngeni chini ya picha, akazitazama kwa muda mrefu. Alikuja kutuambia baadaye alichofikiri: kwamba hii lazima ni namna ya watu wa Amu ya kuandika majina, ya kale labda, na kwamba kuhusu ndia alikwisha kukoma. Akazirudisha kwenye leso kwa heshima zote. Yaani hapa kila mtu alikosea kwa kujali.

Siku ya wazazi viti vilipangwa uwanjani, wanaume upande huu, kina mama upande ule, na mgeni wa heshima, ofisa mmoja aliyevuka kutoka Mokowe asubuhi ile, akakaa katikati chini ya turubai. Mimi nilikuwa nimepona, nina madoa meusi usoni na gauni jipya. Somo yangu alikaa safu ya nyuma ya kina mama. Nilijua ameamka alfajiri, nilimsikia kupitia ukutani akitafuta buibui lake zuri. Alikuwa hajawaambia watu chochote juu ya jina. Aliwaambia tu waje. Wanafunzi wakagawiwa karatasi zao, mimi nikanyakua moja ya jirani yangu niione. Jina lilikuwa limekwenda kinyume. Kabla sijafungua kinywa, mgeni wa heshima alikuwa ameinua karatasi yake, amevaa miwani, anasema kwa sauti ya kipaza sauti kwamba hajaona kazi nzuri namna hii na angependa kumshukuru aliyeitengeneza, naye ni Bwana... Bwana... Akaisogeza karibu. Akaisogeza mbali. "Bwana Ubaniazi," akasema.

Uwanja ukageukiana. Ubaniazi? Wa ukoo gani? Mtu mmoja kwenye safu za wanaume akasema lazima ni Mzungu. Mwingine akasema hapana, ni Bwana Omari huyo, ni jina lake la ujanani. Nikamtazama somo yangu. Alikuwa ameinua kichwa, akisubiri, akidhani pengine lake linafuata. Kisha nikamwona akielewa kwamba halifuati. Alikiinamisha kichwa, akaanza kuvuta buibui lake usoni kama mtu anayejiandaa kuondoka. Aibu ilikuwa yangu, mimi wa kalamu na rula, mimi wa kwanza darasani. Sikumbuki kuamua. Nakumbuka niko mbele ya turubai, karatasi ya jirani yangu mkononi, nikipiga kelele: "Imegeuka! Geuzeni! Isomeni kwa nyuma!" Nikaipindua karatasi, nikaiinua juu juani. Ilikuwa nyembamba, na mafuta ya simsimu yalikuwa yameilainisha mpaka mwanga unapita, na pale, wima, jeusi na safi, jina likasimama sawasawa.

Mwalimu Kilonzo ndiye wa kwanza kuinua yake. Akafuata mgeni, akafuata darasa la nane lote, na kwa dakika moja uwanja mzima ulikuwa umenyanyua punda juu ya vichwa, umekunja macho, unasoma kwa silabi, "Za... i... na... bu." Jina likaenda safu kwa safu. "Kumbe ni wewe Zainabu!" mgeni akaniambia, ameshaulizia jina langu kwa mwalimu, akanyoosha mkono anipongeze. Mungu anisamehe, nilikuwa mtoto wa kupenda sifa, na kwa kitambo kidogo nilitamani kuupokea. Nikaurudisha mkono wangu nyuma. "Si mimi, ni somo yangu! Bi Zainabu! Yule pale, yule anayetaka kuondoka!" Kina mama wakageuka wote. Mama yangu ndiye aliyemshika somo yangu mkono akamsimamisha, na ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza, na baada ya hapo hakuna aliyesikia hotuba yoyote. Mwalimu aliinamisha kichwa kuelekea kina mama, mkono kifuani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwona mtu aliyekuwa nyuma ya pazia. Somo yangu alikuwa akilia na kucheka, hajui ashughulikie kipi kwanza.

Ingelikuwa jina limetoka sawa, nadhani watu wangelipita nalo macho wakakunja karatasi. Kwa kuwa lilikosewa, mji mzima ulilisoma kwa nguvu, na ukalisoma tena nyumbani kwenye vioo, na watoto wakalifanya mchezo. Wiki nzima watu walipita mlangoni kwake wakiita, "Bi Ubaniazi, hujambo?" naye akiitika kwa sauti ambayo haikuwa ya mtu aliyeudhika. Mimi nilimwomba radhi mara nyingi hadi akanitishia patasi. Alichonga miaka sita mingine, mbao kumi na moja, na zote zina jina. Na kwenye zote limegeuka. Nilipotaka kumsahihisha alikataa katakata: ndivyo watu wanavyolijua, alisema, na sasa nisimharibie.

Leo mimi ni mshona kofia, naishi mtaa wa Wiyoni, kwa sababu nyumba za Mkomani zilikwenda moja moja kwa wenye pesa za nje, ya somo yangu ikiwamo. Nakshi za kofia siku hizi zinatolewa kwenye mashine ya fotokopi, zinatoka safi, hazikosei, na hazina harufu. Kadi za harusi huja kwenye simu. Mjukuu wangu akipiga picha chapati yake anaiwekea jina lake kabla haijapoa, na sina ubaya naye, namwonea wivu tu kwa niaba ya mtu mwingine. Sikumbuki utoto wangu kwa majonzi. Nikiukumbuka nacheka, na nacheka peke yangu barabarani, watu wananipisha.

Mwezi uliopita nilikwenda kupeleka kofia kwenye ile nyumba, ambayo sasa ni ya kulaza wageni. Ukumbini, kwenye fremu nzuri, palikuwa na msichana na punda wake. Ukingo wa chini ulikuwa umekatwa. Kijana anayesimamia pale, Dennis, mtoto wa Nakuru mwenye adabu zake, akanieleza kwamba mtengeneza fremu aliukata kwa kuwa ulikuwa na maandishi yaliyokosewa. Kando palikuwa na kibao kidogo: Mchongaji hajulikani. Nilihisi ule moto wa kutaja baba za watu ukinipanda, na mimi sasa ni mtu mzima wa kuheshimika. "Hajulikani na nani?" nikamuuliza. "Mimi namjua. Nilimshikia mawingu." Dennis hakubishana. Alisema wataandika kibao kingine leo leo, akatoa simu yake, akaiweka tayari kwa kidole gumba.

"Sawa, mama," akasema. "Mzee nani?"

"Futa Mzee," nikamwambia. "Anza na Bi."